Ofu ya Ijumaa, Caravan ya Serengeti: saa hizi zinahesabiwa wapi?

Barua

Kapteni, shikamoo.

Mimi ni rubani msaidizi wa ATR, ndege ya abiria ya injini mbili, katika shirika la ndege za ratiba. Kituo changu ni Mwanza na nyumbani ni Igoma. Rosta yangu ya kawaida ni hii: Jumatatu, Jumanne na Jumatano naripoti saa 11:00 alfajiri, tunakwenda Dar na kurudi, kisha Bukoba na kurudi, naachiwa saa 7:45 mchana. Alhamisi nakaa standibai nyumbani, yaani nangoja kuitwa kazini, saa 12:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Ijumaa na Jumamosi niko ofu. Jumapili naripoti saa 3:00 asubuhi, Dar na kurudi, natoka saa 8:50 mchana. Kwa siku 28 zilizopita nimeruka saa 77.

Kuna mzee mmoja mwenye Cessna Caravan mbili, ndege ndogo za injini moja, zinazopeleka watalii Seronera na viwanja vingine vya hifadhini. Ananifahamu tangu nilipokuwa natafuta saa zangu za mwanzo, na rating yangu ya Caravan, yaani kibali cha kuruka aina hiyo, bado iko hai. Ananitaka kila Ijumaa na Jumamosi. Nakuwa peke yangu mbele, miruko sita kwa siku, kila mmoja kama dakika 45. Nafika uwanjani saa 11:30 alfajiri kujaza mafuta na kupakia, naondoka saa 1:00 asubuhi, namaliza kila kitu saa 11:30 jioni. Malipo ni laki moja na nusu kwa siku, mkononi.

Anasema ofu ni mali yangu, na kwamba ukomo wa saa uliwekwa kwa ajili ya mashirika makubwa; ndege ndogo hazihesabiwi. Ameniambia nisiziandike, au nikipenda niziandike kama za binafsi. Nimeshakwenda Ijumaa mbili. Sijaziandika popote, na kazini hawajui. Ijumaa ya pili, nikirudi jioni, mnara wa kuongozea ndege uliniita mara mbili ndipo nikasikia.

Sitaki kuvunja sheria, lakini Januari ada za watoto watatu zinanisubiri. Niambie bila kunificha: saa hizi zinahesabiwa au hazihesabiwi? Na zile Ijumaa mbili nizifanyeje?

Rubani msaidizi, Igoma

Majibu

Marahaba, mdogo wangu. Zinahesabiwa. Hilo ulishike kwanza, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Na nimefurahi umeandika sasa, baada ya Ijumaa mbili, badala ya kungoja zifike ishirini.

Mzee wako amechanganya vitu vitatu ambavyo sheria za anga huvitenganisha. Kuna saa za kuruka, yaani tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa hadi inaposimama kabisa mwisho wa mruko. Kuna saa za kazi, tangu unaporipoti hadi unapoachiwa, zikiwemo za kujaza mafuta, kupima mizigo na kungoja watalii waliochelewa kifungua kinywa. Halafu kuna mapumziko, na maana yake ni muda ambao hakuna anayekudai kazi yoyote. Watu wengi wanahesabu cha kwanza tu. Kinachokuvunja wewe ni cha tatu.

Namba zinazokufunga kisheria ni zile zilizo kwenye kitabu cha uendeshaji cha kampuni yako, sehemu ya ukomo wa saa, kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kifungue leo usome mwenyewe, usiulize mwenzako kwenye basi la wafanyakazi. Hapa nitatumia namba za Ulaya kwa sababu zimeandikwa wazi na zinafaa kwa hesabu ya mazoezi: saa za kuruka zisizidi 100 ndani ya siku 28 mfululizo, na zisizidi 900 kwa mwaka wa kalenda, saa za kazi zisizidi 60 ndani ya siku 7, na kila baada ya saa zisizozidi 168, upate mapumziko marefu ya saa 36 yenye usiku mbili kamili za nyumbani. Kanuni hizohizo zinamtaka rubani anayefanyia kazi waendeshaji wawili atunze kumbukumbu zake mwenyewe na kumpa kila mmoja taarifa za saa alizofanya kwa mwingine. Marekani nao wana saa 100 ndani ya saa 672, ambazo ni siku 28 hizohizo, na wanajumlisha kuruka kote alikofanya rubani kwa mwendeshaji yeyote mwenye cheti.

Sasa tuweke wiki yako mezani.

Miruko sita ya dakika 45 ni saa 4 na nusu kwa siku. Siku mbili kwa wiki, wiki nne, ni saa 36. Ongeza 77 za kwako: 113. Umeshavuka 100, na hilo halihitaji ubishi. Lakini angalia pia mwaka. Saa 77 kila siku 28, ukitoa siku 28 za likizo, zinakufikisha saa 924. Maana yake mwajiri wako akiendelea na kasi hiyo, yeye peke yake anaweza kumaliza saa 900 za mwaka mzima. Hakuna nafasi iliyobaki ya kumuuzia mtu mwingine. Unachotaka kukiuza kimeshanunuliwa.

Saa za kazi ndizo zinazodanganya. Siku tatu za mwanzo ni saa 8 na dakika 45 kila moja, jumla 26:15. Standibai ya nyumbani ambayo hukuitwa, kwa hesabu ya Ulaya, huingia kwa robo: saa 12 zinakuwa 3. Jumapili ni 5:50. Jumla 35:05. Weka Caravan, saa 12 mara mbili, unapata 59:05. Chini ya 60! Hapo ndipo rubani anapojipigia makofi. Lakini dakika 55 zilizobaki zinaliwa na mvua moja ya Dar, na Alhamisi wakikuita kazini hesabu imekwisha kabla Ijumaa haijaingia.

Halafu tafuta mapumziko marefu. Bila Caravan unaachiwa standibai Alhamisi saa 12:00 jioni na unaripoti Jumapili saa 3:00 asubuhi: saa 63, usiku tatu kitandani mwako. Ni rosta nzuri, aliyeipanga alikufikiria. Ukiweka Caravan, pengo refu kuliko yote katika wiki nzima ni saa 16 na dakika 15, kati ya Jumatano mchana na Alhamisi asubuhi. Alhamisi jioni hadi Ijumaa alfajiri ni saa 11 na nusu. Saa 36 hazipo popote, wiki hii wala ijayo. Siku za ofu hazikuwekwa kama zawadi ya kufanyia upendavyo tu. Ndizo zinazofanya Jumatatu yako iwe halali. Ukizifanyia kazi kwa mzee, unapoingia kwenye ATR Jumapili asubuhi unavunja kanuni ndani ya ndege ya mwajiri wako, na kapteni aliye kushoto kwako hajui.

Kuhusu kuziandika kama za binafsi: ndege binafsi ni ile unayoruka kwa mambo yako, hakuna aliyelipa nauli na wewe hulipwi. Marekani, kuruka kwa namna hiyo hakuingii kwenye zile saa 100, ingawa hata hapo rubani anabaki na wajibu wa kuripoti akiwa amepumzika na anafaa kuruka. Watalii waliolipa safari ni biashara, uandike unavyoandika. Na usidhani haionekani. Mnara wa Mwanza una namba ya ndege na saa ya kupaa. Hifadhini wanaandika ndege zinazotua. Kuna risiti ya mafuta, orodha ya abiria, na fomu ya uzito na mizani yenye sahihi yako. Siku ambayo tairi litapasuka na bawa likagusa ardhi, mpelelezi atazipanga karatasi hizo pembeni ya logibuku yako, lile daftari la saa zako za kuruka, kwa nusu saa tu. Bima nayo itauliza jina lako kama limo kwenye orodha ya marubani waliokubaliwa.

Tuache sheria kidogo, maana mwili hausomi kanuni.

Kuripoti saa 11:00 alfajiri kutoka Igoma maana yake kengele inalia karibu saa 9:30 usiku. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi ndipo mwili unapozama zaidi katika usingizi, na wewe unakatisha muda huo katikati. Ukilala saa 4:30 usiku umepata saa 5. Kwa rosta yako ya sasa hilo linatokea alfajiri tatu, kisha unalipa deni Ijumaa na Jumamosi. Kwa mpango wa mzee alfajiri zinakuwa tano na siku ya kulipa haipo. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwalaza watu saa 6 kila usiku kwa wiki mbili. Mwishoni uangalifu wao ulishuka kufikia ule wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili mfululizo, na wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Hilo ndilo linalonitia hofu kwa ajili yako. Kipimo unachotumia kujiuliza kama uko sawa nacho kimechoka.

Mnara kukuita mara mbili usilichukulie kama redio mbovu. Usingizi wa kupitiwa huchukua sekunde chache, macho yanaweza kuwa wazi kabisa. Caravan ikiwa kwenye mwendo wa noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa, inakata kama mita 82 kila sekunde. Sekunde tano ni zaidi ya mita 400 bila rubani. Na saa yenyewe ilikuwa ile: unatoka Seronera unaelekea magharibi, jua limeshuka mbele ya kioo, Ghuba ya Speke inang'aa kulia kwako, injini inanguruma sauti moja, joto la mchana bado limo ndani ya ndege, na umekuwa macho kwa zaidi ya saa 13. Kahawa ya saa 10 jioni ingekusogeza mpaka uwanjani, lakini nusu yake ingekuwa bado mwilini saa 3 usiku, unapotaka kulala kwa ajili ya alfajiri ya Jumamosi.

Kwenye ATR mko wawili. Mmoja anaruka, mwingine anaangalia, anataja mwendo, anasoma orodha. Kwenye Caravan hakuna anayekutajia chochote. Na viwanja vya hifadhini havisamehi. Seronera iko juu ya futi 5,000. Joto likifika nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kama ya karibu futi 7,800: chukua nyuzi 5 ambazo ndizo za kawaida kwa kimo hicho, toa kwenye 28 unabaki na 23, zidisha kwa 120, ongeza kwenye 5,000. Ndege inahitaji njia ndefu zaidi kupaa na inapanda polepole. Rubani aliyelala vizuri anafanya hesabu hiyo kabla ya kupakia begi la mwisho. Aliyechoka anasema "jana ilipanda". Ni yeye pia anayeiacha hatua ya kupita juu ya njia mara moja kuwaondoa nyumbu na pundamilia kabla ya kutua.

Kuna jambo moja mahsusi la kuchanganya ndege hizi mbili, nalo halizungumzwi vya kutosha. Kwenye ATR umefundishwa kwamba injini ikizimika baada ya kasi ya uamuzi, ile ambayo ukishaifikia huwezi tena kusitisha kupaa, unaendelea: unashika mwelekeo, unapanda na iliyobaki. Umerudia zoezi hilo hadi mkono unajua wenyewe. Kwenye Caravan hakuna iliyobaki. Injini ikinyamaza kwenye futi 300, pua inashushwa papo hapo, bila kusubiri, au mwendo unaisha na bawa linakoma kubeba. Mtu anapochoka, mkono hurudi kwenye zoea lenye nguvu zaidi, na wiki hiyo umeshafanya miruko 14 ya ATR. Hata urefu wa macho yako kutoka ardhini wakati wa kutua ni tofauti, ndiyo maana marubani wa ndege kubwa wakirudi kwenye ndogo mara nyingi huanza kunyanyua pua mapema mno, wangali juu.

Mzee anaposema "hizi hazihesabiwi", nakumbuka Guantanamo, Cuba, 18 Agosti 1993. DC-8 ya mizigo ilianguka ikikaribia kutua. Kapteni alikuwa amekaa macho saa 23 na nusu. Alikuwa anatafuta taa moja tu ya chini, wenzake wakimwonya juu ya mwendo, na maneno yao hayakumwingia. Wote watatu walinusurika, na kwa mara ya kwanza wachunguzi wa Marekani wakaandika uchovu kama chanzo kinachowezekana cha ajali. Baada ya kushusha mzigo walikuwa wamepangiwa kurudi Atlanta ndege ikiwa tupu, mruko ambao kwa kanuni za wakati ule haukuingia kwenye ukomo. Karatasi ilikuwa safi. Miaka 15 na nusu baadaye, Februari 2009, ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo iliua watu 50. Wachunguzi walisema uchovu wa marubani wote wawili huenda ulipunguza uwezo wao, ingawa hawakuweza kupima kwa kiasi gani. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili awahi kazini. Kanuni za Marekani za mapumziko zilizoanza 4 Januari 2014 zilitokana na mjadala wa ajali hiyo.

Sasa zile Ijumaa mbili.

Ziandike leo. Weka tarehe halisi ulizoruka, namba ya ndege, viwanja, saa za kuanza kusogea na kusimama, na pembeni andika kwamba umeingiza leo, kwa tarehe ya leo. Usibane mistari kati ya kurasa za zamani ili ionekane iliandikwa siku ileile. Hilo ni kosa jingine juu ya la kwanza. Kama huna saa kamili, mwombe mzee nakala za fomu za safari. Kisha jumlisha upya siku zako 28. Ijumaa mbili ni saa 9. 77 zako zinakuwa 86 kama zote ziko ndani ya kipindi hicho. Bado uko chini ya 100, na hilo litakusaidia. Kagua pia mapumziko: Ijumaa ulimaliza saa 11:30 jioni, na kama Jumamosi hukufanya kazi, hadi Jumapili saa 3:00 asubuhi ni saa 39 na nusu zenye usiku mbili. Kwa kipimo hicho cha saa 36, wiki hizo mbili zinasimama. Mpango wa kila Ijumaa na Jumamosi ndio usiosimama.

Kabla ya kuzungumza na mkuu wa marubani, soma mkataba wako wa ajira, kifungu cha kazi za nje. Mikataba mingi ya mashirika inakataza moja kwa moja au inadai kibali cha maandishi. Kama kimo, mwonyeshe mtu wa chama cha wafanyakazi au wakili anayejua kesi za kazi, siku moja tu inatosha, halafu nenda mwenyewe. Mfumo wa kuripoti usalama bila adhabu upo, utumie kwa ule wito wa mnara uliokupita, lakini sitakudanganya kwamba unafuta kosa la mkataba lililofanywa kwa kujua. Unaweza kupewa onyo. Onyo la mtu aliyekuja mwenyewe na daftari mkononi ni dogo kuliko la mtu aliyeletewa picha ya fomu ya mizani yenye sahihi yake.

Barua iwe fupi. Kitu kama hiki: "Tarehe fulani na fulani niliruka Cessna Caravan kwa mwendeshaji mwingine bila kibali chenu, jumla ya saa 9 za kuruka na 24 za kazi. Nimeziingiza kwenye logibuku na naambatanisha nakala ili kitengo cha rosta kirekebishe hesabu yangu. Nimesitisha kazi hiyo. Naomba kujua kama kampuni inaruhusu kazi ya nje, na kwa masharti gani." Ipeleke kwa mkono na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ujumbe wa WhatsApp kwa mpangaji wa rosta hauhesabiki kuwa kibali, hata akikujibu kwa dole gumba.

Wakikubali siku zijazo, kuna namna inayowezekana. Likizo. Katika siku 28 za likizo mwajiri hakupi hata saa moja, kwa hiyo zile 36 zinaingia bila kusukuma mtu, mradi jumla ya mwaka ibaki chini ya ukomo na kampuni iwe imeandika kwamba inajua. Ruka siku mbili kwa wiki, acha siku zinazofuatana tupu, na siku tatu za mwisho za likizo usiguse ndege yoyote. Wala usikeshe mwaloni Kirumba, sokoni kwa samaki, kusimamia dagaa siku hizo. Sheria haihesabu saa za mwaloni, lakini Jumatatu macho yanazihesabu.

Kwa upande wa mzee, usikanyage ndege yake tena kabla hujaona kwa macho cheti chake cha uendeshaji wa biashara, kile mnachokiita AOC, na aina ya ndege na shughuli zilizoandikwa humo. Jina lako liwe kwenye orodha yake ya marubani na kwenye bima. Awe amekupima kwenye Caravan kwa mujibu wa kitabu chake, si kwa kukukumbuka zamani. Uwe umefanya angalau kupaa mara tatu na kutua mara tatu kwenye aina hiyo ndani ya siku 90. Mwendeshaji anayekasirika ukimwomba karatasi hizi amekujibu.

Daftari lako la saa liwe moja kwa waajiri wote. Kila siku mstari mmoja: umeripoti saa ngapi, magurudumu yalianza kusogea saa ngapi, yakasimama saa ngapi, uliachiwa saa ngapi, ulilala saa ngapi kabla yake. Pembeni jumla mbili zinazotembea, ya siku 7 ya kazi na ya siku 28 ya kuruka. Kila siku mpya inapoingia, ya 29 inatoka. Marubani wengi wanakosea hapa kwa kuhesabu mwezi wa kalenda. Ukiruka saa 60 katika siku 14 za mwisho za Juni na 55 katika siku 14 za mwanzo za Julai, kila mwezi unaonekana mwepesi, na wewe una 115 ndani ya siku 28. Angalia pia saa ya Zulu, yaani saa ya pamoja ya dunia (UTC) inayotumika kwenye usafiri wa anga. Ofu yako inaisha usiku wa manane wa Mwanza, ambao ni saa 21:00 Zulu, tarehe ileile. Ukichanganya saa mbili hizo kwenye ukurasa mmoja utajinyang'anya au kujizawadia saa tatu bila kujua. Andika Zulu kwa ndege, saa ya nyumbani kwa usingizi.

Na Alhamisi ya standibai isiguswe kabisa. Mzee akikuomba "feri ya nusu saa tu" kupeleka ndege mahali, jua kwamba simu ya kazini ikilia ukiwa Seronera huwezi kufika, na ukiwa umesharudi bado hujapumzika.

Ada ya Januari sijaisahau. Muulize mkuu wa marubani, siku hiyohiyo, kuhusu malipo ya saa za ziada na kuhusu kazi za ardhini: kufundisha nadharia kwa marubani wapya, kusaidia kukagua vitabu vya kampuni. Hizo nazo ni saa za kazi na zinaingia kwenye 60, lakini hazili saa 100 zako za kuruka, na una karibu saa 25 za kazi kwa wiki zisizotumika. Mbili au tatu kwa wiki, mchana, siku ambazo umeachiwa saa 7:45, hazigusi Ijumaa na Jumamosi. Haziwezi kufika laki tatu za kila wiki. Kwa shule, omba kulipa kwa awamu, na uombe Novemba, kabla ofisi ya mhasibu haijajaa wazazi.

Mzee mpigie simu leo, usingoje Alhamisi jioni. Wageni wake wa Ijumaa wanatakiwa kufika Seronera, na akijua mapema ana siku za kumtafuta rubani aliyelala.